Meneja Amenifungia Geti

Nyumba ileile ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya baiskeli.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kiroboto,

Salamu tele, na kabla ya yote, goti linaendeleaje? Na shemeji yangu, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Mimi mzima, ila meno ya bandia ya juu na ya chini yamenuniana. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unalia, na mimi nalia, tunaagana bila kusema kitu.

Najua unachongoja. Ulisema nikamtoe mwanangu kwenye yale makao mapya, maana baada ya makao ya kwanza humwamini tena mlezi yeyote anayetabasamu. Sikulaumu. Lakini tangu mke wangu atangulie, mgongo huu hauwezi kumwogesha mwanaume mwenye mabega kama kabati, hata kama kwako wewe, shangazi yake, yeye bado ni mtoto.

Unakumbuka kwa nini tulimpa jina la Meneja. Hakuna anayekunywa chai mpaka yeye akigeuze kila kikombe chini juu, akirudishe, na mkono wa kikombe uelekee dirishani. Usonji wake ndivyo unavyotaka, na marehemu aliona heri tungoje kuliko kupigana kila asubuhi. Kule makao ya kwanza wakawa wanampokonya vikombe. Akigonga kichwa ukutani, wanampa vidonge, anashinda amelala mate yakimtoka. Halafu wanatuambia ametulia. Ametulia! Hata gunia la viazi limetulia.

Basi Alhamisi nikaenda bila kuaga mtu. Nikajisemea, nikipita mlango wa mbele watamvalisha vizuri kwa ajili yangu. Nikaazima mzigo wa fagio kwa jirani, nikashusha kofia mpaka puani, nikatokea mlango wa jikoni kama mchuuzi.

Mpishi, mama mmoja mwenye sauti ya kusimamisha lori, hata hakuacha kumenya vitunguu.

"Babu, fagio tunazo. Mwanao yuko bustanini anamwagilia."

"Mwanangu yupi? Mimi niko kazini."

"Na hayo masikio ya Meneja umeyaazima wapi? Hebu ingia, acha visa vyako."

Kiroboto, uzee wote huu nimeumbuliwa na masikio!

Basi nikakagua waziwazi. Godoro nikalinusa kama mbwa wa polisi: lanukia sabuni. Mlango wa chumba chake hufunguka kwa ndani, na ufunguo kauning'iniza shingoni mwenyewe. Nikampandisha Meneja mikono ya shati kutafuta alama za kipigo. Nikakuta udongo tu. Mlezi wake, mama mwembamba asiye na haraka, akamwonyesha picha mbili, ya bafu na ya chai. Meneja akagusa ya bafu. Hakuburutwa, hakufokewa. Macho yalikuwa wazi, dada yangu, yale macho yetu ya zamani.

Ikafika chai. Wamekaa wote mezani, wakazi na walezi, na mimi kiu imenibana. Nikanyakua kikombe, nikajimiminia, nikapiga funda.

Meza nzima ikanigeukia. Mzee mmoja anayeishi pale, mwenye kofia ya sufu, akanielekezea kidole:

"Wewe! Weka chini! Meneja hajapita!"

"Mgeni huyo, msameheni," mpishi akasema. "Kwao hawakumfundisha."

Mimi! Mimi niliyengoja vikombe hivyo maisha yangu yote! Meneja akaja, akanipokonya, akamwaga chai yangu kwenye sinki, akakigeuza, akakirudisha, mkono ukaelekea dirishani. Akapita kwa kila mtu, na kila mtu akangoja. Alipomaliza akaanza kuguna ule wimbo wake usio na maneno, na wote wakamiminiwa, wakanywa. Nikainama chini ya meza nikidai meno yamedondoka.

Usidhani nimelewa sifa. Chai yao ni maji yaliyosimuliwa habari za majani. Na Jumapili, kwa ratiba niliyoiona ukutani, walezi ni wachache. Nimemwambia mkuu wa makao mbele ya mpishi, ili asijifanye hakusikia. Nitaendelea kuvamia bila hodi.

Sasa sikia wakati wa kuaga. Kule kwa kwanza alikuwa ananishika shati mpaka vifungo vinaruka, watu wawili wanambandua vidole, na mimi naondoka sina uso. Safari hii nilivaa shati kuukuu makusudi. Nikasema, "Meneja, baba anaondoka." Akanitazama. Akaenda kuleta kofia yangu, akanivika, nyuma mbele. Akanisindikiza mpaka getini, akanisukuma mgongoni taratibu, akafunga geti, akatia komeo kwa ndani. Akarudi kwenye mche wake wa nyanya bila kugeuka.

Nimesimama barabarani na fagio zangu, nacheka na kulia kama mwehu, mpita njia ananiuliza ufagio bei gani.

Kwa hiyo simtoi. Kaa na hilo, ulale usingizi. Njoo tu umsalimie, na ukifika mezani, ngoja.

Nisalimie shemeji mkoromaji, mpwa wangu fundi umeme, na yule mjukuu mwenye maswali. Mungu akupe goti jipya na moyo uleule.

Wako akupendaye, hata akikutania,
Kaka yako, muuza fagio.