Maji Ambayo Mama Hakuyanywa

Jumanne. Jua limewaka Bariadi tangu asubuhi, na mimi ndani nawaka vilevile.

Mama hakuwa mwizi wa maji. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haikutoka.

Figo zake zilishashindwa kazi. Anasafishwa damu kwa mashine, na maji ya kunywa anapimiwa. Anayempimia ni mimi. Kikohozi kilipoanza, pamba shambani ikiwa bado maua, nesi alicheka, akimwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, umeiba maji tena! Yamejaa kifuani." Ikawa wimbo wa kila tukienda. Wanamuongezea muda wa mashine, anarudi hoi, anakohoa vilevile. Siku moja nikamwambia nesi kwamba hajazidisha, na kwamba kila jioni mwili unamchemka.

"Unamtetea mama yako, eh?"

Nikamshika mama mkono, tukarudi nyumbani.

Baba mdogo, tunayeishi kwake tangu baba afariki, akahamishia mtungi wa maji chumbani kwake, mama asiufikie.

Wiki iliyopita akaja daktari mgeni. Akaangalia picha ya kifua, akauliza mbona maji yako upande mmoja tu. Maji ya figo, alisema, mara nyingi hujaa pande zote mbili. Akayavuta kidogo kwa sindano mgongoni, yakaenda maabara. Leo majibu yametoka: TB, imekaa kwenye utando wa pafu.

Miezi yote hiyo. Mtu anakauka kwa kiu, huku anaitwa mlafi wa maji.

Hakuna aliyesema samahani. Nesi alisema tu, "Haya, dawa zipo."

Nilidhani angalau baba mdogo ataona aibu. Alisimama mlangoni, leso puani: "Shemeji, kuanzia leo sahani yako iwe peke yake. Nina watoto mimi!"

Daktari alitueleza kwamba sahani haiambukizi, na kwamba nyumba nzima tukapimwe. Ningeweza kumwambia baba mdogo hayo kwa Kiswahili au kwa Kisukuma. Hayakutoka kwa lugha yoyote.

Mama alijibu, "Sawa, shemeji," akageukia ukutani akohoe.

Jana alikuwa mwizi wa maji. Leo ni sumu. Lini atakuwa mgonjwa tu, kama wagonjwa wengine?

Kesho mchana, baba mdogo akiwepo, nitakaa mkekani nile ugali na mama, sahani moja. Kuongea mbele ya watu siwezi.

Kula nitaweza.