Choo cha Bibi Genoveva

Xaveria, acha kila kitu usome! Bibi Genoveva ametoboa siri ya mwaka themanini na tatu.

Kipindupindu kimeingia Bagara, sabuni haionekani dukani, ukikutwa umeificha ni jela. Na bibi kaficha katoni nzima. Wapi? CHOONI! Walikichimba kumridhisha bwana afya tu, wenyewe wanaenda kwenye mahindi.

Bwana afya huyo, anafungua mlango. Katoni bibi kaifunika gunia, lakini mche mmoja wa sabuni unachungulia.

"Mama Damasi!" anamwambia bibi. "Choo hakina hata nzi, na sabuni ya kunawa ipo!"

Ya kunawa, Xaveria!!

"Kesho naleta Bagara yote ije kujifunza hapa."

Alipoondoka tu, tumbo la bibi likavurugika. Akakimbilia chooni. Mara ya kwanza tangu kichimbwe.