Pikipiki Isiyopakia

Shemeji,

Natumaini kikohozi chako kimetulia. Sisi hatujambo, ila bati la jikoni bado linavuja.

Nimenunua pikipiki. Usishtuke. Kusoma mita za maji mtaa hadi mtaa kwa miguu kumenishinda, na goti langu unalijua. Safari hii nimechukua ndogo, cc mia na kumi. Nikiikalia, nyayo zote mbili zinakanyaga chini, na hata niikamue vipi haifikii mbio zile.

Muuzaji, anayeongea kama redio, alisema, "Hii inapakia wawili bila kulalamika." Nikamwambia aving'oe vyuma vya abiria vya kukanyagia. Alicheka, mpaka aliponitazama usoni. Tangu siku niliyompakia mdogo wangu, mumeo, nisimrudishe akiwa hai, sijampakia mtu.

Unaandika kwamba Jumamosi nikupokee kituoni na pikipiki, upande nyuma yangu, ili nijue umenisamehe. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi mno. Nitakuja nayo, nikiikokota. Begi lako litapanda. Sisi wawili tutatembea mpaka nyumbani.

Shemeji yako,
yule mliyekuwa mkimwita Upepo