Cherehani Iliyolipiwa kwa Salamu

Baba Sekela,

Ndizi ziko kwenye sufuria, pasha tu. Maharage usiyamalize, Sekela akitoka shule atakula nini? Simu yako usiitafute kwenye chaji, nimeondoka nayo.

Asubuhi nimeshuka stendi ya Tukuyu kupokea cherehani yangu, kama ulivyonihakikishia. Nimesimama mvuani mpaka basi la tatu. Makondakta wamepekua mizigo yote, mzigo wenye jina letu hakuna. Kumpigia huyo muuzaji wako wa mtandaoni, hapatikani. Nikarudi nyumbani, nikasoma meseji zenu. Kumbe umemtumia hela yote kwenye namba yake binafsi! Hela ya majani ya chai niliyoyachuma kwa mikono hii! Hukuomba risiti, hukuuliza hata duka liko mtaa gani. Kisa? Kakusalimia kwa lugha ya kwetu, "Ugonile, tata," akasema kwao ni Kiwira. Basi, ukaona umepata ndugu.

Naenda polisi, kisha kwa watu wa laini wamfungie hiyo namba. Akitokea mtu wa kusema atakurudishia hela, usimtajie namba ya siri, hata akikusalimia kwa Kinyakyusa cha bibi yako.

~~Leo nalala kwa dada.~~ Nitarudi jioni. Kuku uwafungie mapema.

Ila nikuulize. Mimi nakuamkia "ugonile" mwaka wa kumi na saba huu. Nilipokuambia tulipe mzigo ukishafika mkononi, mbona mimi hukuniamini?

Mama Sekela