Milango Uliyoiacha Ukutani

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikasubiri marahaba yako, mjinga mimi. Sijatulia, Baba. Tangu tukuzike sikai mahali pamoja. Naacha sufuria jikoni nakwenda uani kulitazama gari lako, narudi, natoka tena. Mama anasema nitauchosha uwanja.

Uliondoka milango minne bado imeegemea ukuta wa banda. Gari uliloliunda kwa mikono yako, watu wakikucheka, lilipanda makorongo na kuvuka mchanga wa mto ukiliendesha. Milango tu ndiyo haikuwepo, na Mama unamjua. Tangu gunia la alizeti lidondoke kutoka humo njiani aliapa kwamba hapandi kitu kisicho na milango. Ukamwahidi utaifunga, umpeleke kwao Mlali akamwone dada yake. Mama mkubwa sasa hatoki kitandani. Kila asubuhi Mama ananiuliza habari za milango, halafu anajifanya hakuuliza.

Basi nikaanza. Nililipandisha gari juu ya magogo lisiyumbe, nikapima, nikachomelea bawaba kama ulivyonifundisha. Milango yote ikafunga kama kabati jipya. Nikalishusha chini. Haukufunga hata mmoja. Nilipiga teke tairi nikakugombeza wewe, kwa sauti, majirani wakisikia. Kwa nini uliondoka kazi ikiwa katikati?

Nilipochoka kukugombeza ndipo nikakumbuka. Siku ulipofunga viti ulitupakia magunia ya mtama na nusu ya mtaa, ukazunguka na chaki yako. "Gari tupu linadanganya, mama," uliniambia. Hukuniita jina langu hata siku moja, kwa kuwa ni la bibi, mama yako. Mimi nikadhani unapenda tu kutazamwa. Kumbe gari likibeba linakaa vingine, na mlango unapimwa likiwa limebeba.

Nikakata bawaba zote. Nikapakia mtama nyuma, kisha nikaenda kumwomba Mama apande gari lisilo na milango ili lipate milango. Alinitazama, akaingia ndani, nikajua amekataa. Akatoka amevaa kitenge cha kanisani. Akapanda, akafumba macho, akashika kiti kwa mikono miwili.

"Fanya haraka," akasema, "kabla sijakumbuka nilichoapa."

Kilibaki kiti chako. Hakuna aliyekikalia tangu siku ile, na mlango wa dereva hauwezi kupimwa kiti kikiwa kitupu. Nilikizunguka kiti hicho mpaka Mama akafumbua macho na kuniambia nikae, gari ni la kuendeshwa. Nikakaa, Baba. Miguu yangu haikufika kwenye klachi. Nililia palepale, nikakisogeza mbele, nikainama nje na kuchora alama kwa chaki.

Mama alishuka nikachomelea, akapanda tena, na mlango wake ukafunga. Aliufungua na kuufunga mara nyingi, akakataa kushuka mpaka chai ikamfuata humohumo.

Jumamosi tunakwenda Mlali, kabla mvua hazijaikata njia. Nitaendesha polepole kwenye makorongo, nakuahidi, na Mama atashuka mlangoni kwa dada yake. Labda nikirudi nitatulia.

Kwaheri, Baba. Mlango wako unafunga vizuri, ila nimeupima kwa uzito wangu. Ungekaa wewe, mlango ungekwaruza chini kidogo.

Binti yako