Shaba ya Baba Caren

Jumatatu, 3 Machi 2025

Tumetoka Kericho. Mshipa mkubwa wa damu tumboni mwa Baba Caren umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochoka. Daktari anasema ukipasuka, kufika hospitali hai ni bahati. Operesheni ni tarehe kumi na saba, Eldoret. Kabla ya hapo asibebe kitu kizito, aache sigara, apunguze chumvi. Amejibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Namjua huyu mume wangu!

Jumanne, 4 Machi

Damu yake pia haina shaba ya kutosha. Shaba! Mimi najua ya waya tu. Kumbe mwili unaitumia kukaza kuta za mishipa. Na nani aliimaliza? Zile tembe za zinki. Alianza kumeza wakati wa Corona, Corona ikaenda, yeye akabaki na chupa — asubuhi na jioni, eti homa haimshiki. Zinki ikizidi inazuia shaba kuingia mwilini. Nimezitupa zote chooni. Amenuna hadi chai amekataa.

Daktari alieleza polepole kwamba shaba huenda imechangia tu, sigara na presha ndizo mbaya zaidi, na shaba ikirudi haitarudisha mshipa ulivyokuwa. Baba Caren alisikia shaba. Hayo mengine aliyaacha Kericho.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu. Nimemkuta kwa boma akilamba chumvi ya ng'ombe! Yeye upande huu, ng'ombe upande ule. Ndung'u wa agrovet, duka la dawa za mifugo, alimwambia ina shaba, ndama wakiikosa wanaanguka ghafla. Nimemuuliza kama yeye ni ndama. Ati wazee walionja chumvi wakilisha mifugo na hakuna aliyepasuka.

Nimempigia Ndung'u simu, nikamwambia asome paketi. Shaba iko. Zinki nayo iko! Na chumvi yenyewe ndiyo nyingi kuliko vyote.

Jumamosi, 8 Machi

Presha imepanda. Nesi wa kliniki ameuliza anakula nini. Nimemwambia ugali na mboga, chumvi ya ng'ombe sikuitaja. Caren amepiga simu kutoka Nakuru akilia, baba yake akamwambia anasikia nguvu, labda Eldoret haitahitajika. Nimechoka na yeye. Nampenda na nimechoka.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi ndama alikwama — miguu nje, kichwa ndani. Daktari wa mifugo alikuwa njiani kutoka Mulot. Nilimwambia Baba Caren akae kwa kiti, nikaingia jikoni kuchukua maji moto. Kurudi, amejifunga kamba kiunoni, mguu kwa nguzo, anavuta!

"Wacha hiyo kamba! Ni ndama tu!"

"Shaba imeshika, Mama Caren. Angalia."

Ndama akatoka. Mzima, jike. Baba Caren akakaa chini polepole, akashika mgongo, akasema amechoka kidogo. Uso ukawa na rangi ya majivu. Daktari wa mifugo alipofika alienda moja kwa moja kwa ndama. Nikamshika mkono, nikamwambia mgonjwa ni yule pale, geuza gari.

Tuko nyuma ya pickup, kichwa chake kwa paja langu. Naandika ili nisihesabu kilomita zilizobaki hadi hospitali. Jasho lake ni baridi. Anauliza kama ndama amenyonya.