Wavu Uliorudi Karakanani

Kwako Dada yangu,

Shikamoo. Naanza na goti, maana barua yako iliyopita ililisema goti kuliko ilivyowasema watoto. Limepata nafuu, au bado unapanda ngazi huku ukipumzika katikati? Na Shemeji, kifua chake kimetulia? Sisi huku hatujambo. Baba Watoto anakoroma vilevile na asubuhi anakana bila haya. Mwanao wa huku katimiza miaka tisa, kang'oka jino la mbele, na sasa kila neno lake linatoka na mluzi. Mimi mwili wangu ni mzima. Usingizi ndio umenikimbia, leo siku ya tano, na ndiyo sababu nimekaa kwenye meza ya kukatia turubai asubuhi hii, kabla mafundi hawajaingia, nikuandikie.

Dada, sarakasi imerudi. Ileile. Hema wamebadilisha, na mwenyewe yule mnene alikwisha kufa, sasa anaendesha mkwewe. Wamepiga kambi uwanja uleule nyuma ya stesheni. Siku ya pili tu mkwe huyo akaja karakanani na mkokoteni, juu yake wavu umekunjwa. Akasema kaambiwa hapa ndipo wanaposhona maturubai na nyavu vizuri kuliko kote. Hakujua lolote, wala sura yangu haikumwambia kitu. Nikamjibu kwamba tuna kazi nyingi, aende kwingine. Akasema kwingine hakuna, na kwamba anayeruka siku hizi ni binti yake.

Nikaupokea. Sikumruhusu fundi yeyote auguse, hata Kinyonga, ambaye unakumbuka alivyo na mkono mwepesi. Unaikumbuka desturi ya Baba: mmoja anafunga, mwingine anakagua, na mkaguzi analivuta kila fundo kwa kulabu mara tatu. Likishika, analizungushia uzi mwekundu. Uzi ukishaonekana, hakuna anayeligusa tena, hata Baba mwenyewe. Safari hii nilifunga mimi na kukagua mimi, siku nne, mpaka vidole vikavimba. Baba Watoto akaniuliza kama nashona wavu au nauswalia. Nikamwambia apeleke utani wake kwa mama yake.

Mkwe akatuletea tiketi tatu za shukrani. Sikutaka kwenda. Lakini mwanao alikwisha waambia darasa zima, na mtoto akishaahidi darasa zima huna pa kupitia. Tukaingia jua linazama. Dada, harufu ilinipokea kabla ya watu: maranda mabichi, mafuta ya taa, jasho la farasi. Nikatamani kugeuka. Mwanao akanivuta mkono mpaka safu ya mbele, karibu kabisa na pale uliponishikia kiti mwaka ule.

Walianza na farasi, wakafuata wacheza na sahani. Kisha akaingia mchekeshaji, mzee sasa, anajikwaa kwa kusudi na mara nyingine si kwa kusudi. Baba Watoto alicheka mpaka akapaliwa na bisi. Mimi nilikuwa naziangalia kona za wavu tu. Kisha tarumbeta zikanyamaza, ikabaki ngoma peke yake, na binti akaanza kupanda ngazi ya kamba. Alikuwa amevaa njano. Bila shaka ni desturi yao wanaoruka wavae njano, lakini moyo wangu haukulijua hilo.

Binti alipofika kwenye jukwaa dogo la juu, niliona watu wawili. Nikafumba macho, nikafumbua, bado ni wawili. Nikamwuliza mwanao kule juu wamesimama wangapi. Akanitazama kama anayetaka kujua mtego uko wapi, akasema mmoja, Mama. Wa pili alikuwa nyuma ya binti, na mkono wake ameuweka juu ya paji la uso, anakinga taa, anatafuta mtu kati yetu. Wewe unajua ni nani aliyekuwa akisimama hivyo. Mji mzima ulimwita Mrukaji, hata wewe mchumba wake, na kila jioni kabla ya kuruka alikutafuta kwanza kwa macho. Safari hii hakutafuta sana. Alinitazama mimi.

Binti akaruka. Mara ya kwanza salama, mara ya pili salama, mara ya tatu mikono ikapishana na bembea, akaanguka. Hema zima likavuta pumzi. Dada, nilisimama na kupiga kelele ya kuaibisha ukoo. Wavu ukampokea, ukazama, ukamrusha juu, akatua kwa miguu akicheka, na watu wakapiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Nililia mpaka mama mmoja wa safu ya nyuma akanipa leso yake. Nikajiambia basi, sasa yameisha. Nikainua macho. Alikuwa bado yupo, mkono juu ya paji la uso, ananitazama. Tukatoka, watu wanaimba njia nzima, na mimi kila nilipogeuka nililiona paa la hema na nikajua kwamba yuko ndani yake. Tangu siku hiyo nikifumba macho ndipo ninapomwona vizuri.

Sasa nisikilize, na tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Mwaka ule wavu ulipokuja kwetu, macho ya Baba yalikwisha kuanza kufifia, akanipa ukaguzi mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na nilijiona fundi. Mchana wa siku ile ilibaki safu moja, ya kona ya kushoto. Wabeba mizigo wa sarakasi walikuwa mlangoni wananiharakisha, na wewe umekwisha tangulia kunishikia kiti, na gauni langu halijapigwa pasi. Ile safu sikuivuta hata fundo moja. Niliizungushia uzi mwekundu yote, nikasema tayari. Kamba ya ndani ilikuwa imeoza, Dada. Kulabu ingeniambia kwa mvuto mmoja tu.

Ulimwona alivyoanguka na kona ile ikafunguka. Hukuona kilichofuata, maana ulikuwa chini kwenye maranda umeshika kichwa chake. Mimi niliona. Baba alikuja, akapiga magoti penye kona, akapapasa kwa vidole kwa sababu ya macho yake. Akatoa kisu chake kidogo akazikata nyuzi nyekundu zote za safu ile, akazitia mfukoni. Akanitazama mara moja. Kisha akasimama akasema mbele ya watu wote kwamba safu hiyo haikukaguliwa, kwamba yeye ndiye mkubwa wa karakana na ndiye aliyesahau. Ulimsikia kwa masikio yako. Siku ya tatu Mrukaji akafa, na wewe ukamwambia Baba maneno uliyomwambia, ukaondoka. Nami nilikuwepo mlangoni, nimefunga mdomo.

Miaka yote hiyo, kila uliponiandikia kwamba huna baba, nilikujibu kwamba una haki. Nilikuandikia hivyo kwa mkono huuhuu, kisha nikampelekea chai.

Na hilo si baya kuliko yote. Alipolala kitandani mara ya mwisho nilijaribu kumwambia. Akasema nifunge dirisha, vumbi linaingia. Hakutaka kusikia. Alichotaka ni wewe. Siku tisa aliniuliza kama nimekuandikia, na siku tisa nilimwambia ndiyo, barua imekwenda, uko njiani. Sikuwa nimeandika. Niliogopa ukija atakushika mkono akuambie, au wewe utamtazama usoni ujue. Barua niliyokuletea niliiandika tulipotoka makaburini. Ukanijibu mstari mmoja, kwamba hata ungeambiwa mapema usingekuja. Nilishukuru kwa mstari ule. Nimejificha ndani yake miaka sita.

Ungekuja, Dada. Nakujua. Ungenuna njia nzima, lakini ungekuja.

Siombi unisamehe, sijui hata naanzia wapi kuomba. Nataka tu ujue baba yako alikuwa mtu gani. Ukitaka kuja kumwona alipolala, nitakupeleka. Na ukitaka nisiwepo, Baba Watoto atakupeleka, yeye nimemweleza yote jana na tangu jana hajatania.

Nisalimie Shemeji, mwambie apunguze kukaa barazani kwenye umande. Watoto wote wabusu kwa niaba yangu, na goti usilipuuze. Mwanao wa huku anakusalimu kwa mluzi wake.

Siku ile ya tisa Baba alilala ameelekeza uso mlangoni. Nilimwambia nimesikia hatua zako nje. Akatabasamu, akafa akikusubiri uingie.

Ni mimi,
mdogo wako.